Kurekodi udi na sauti kwa simu: mbona sauti hubaki nyuma ya dumbaki?

#1 KijanaLangoni (Amu)
Salamu wadau. Naandika mashairi na kuyaimba, ami yangu hupiga udi. Studio kwetu Amu, yaani kisiwani Lamu, ni safari: boti mpaka Mokowe, gari mpaka Malindi au Mombasa, nauli, pa kulala, halafu prodyuza akikwambia "njoo kesho" pesa zimekwisha. Nimeamua nyimbo nizimalize kwa simu. Yangu ni Android ya kawaida, si ya bei. Nimepakua BandLab, programu ya kurekodi, kwa kuwa ni ya bure.

Tatizo ni hili. Traki ya kwanza ni ngoma ya dumbaki, mdogo wangu ndiye apigaye. Kisha nasikiliza traki hiyo nikiimba juu yake. Nikizicheza zote mbili, sauti iko nyuma. Si nyuma ya kuchekesha watu, lakini mwenye sikio ataisikia.

La pili: GuitarTuna, programu ya kulinganisha nyuzi, yamwambia ami kwamba udi wake umetoka sauti. Huyu ni mtu aliyekuwa akipiga maharusini kabla mimi sijazaliwa. Sasa hataki simu ikae chumba kimoja na udi. Nyinyi mwatumia nini? Na kosa ni la simu, la programu au langu?

#2 KayambaMtangani (Malindi)
Wasikilizia nini ukiimba? Kama ni zile za masikioni zisizo na waya, uzi umekwisha, tufunge tukalale.

#3 KijanaLangoni (Amu)
Ndizo. Ila nimejaribu pia bila hizo, spika ya simu ikiwa chini kabisa, na bado yabaki nyuma kidogo. Usilale.

#4 FundiMitambo (Malindi)
Kayamba amesema kweli ila hakumaliza.

Bluetooth: sauti ikitoka kwenye programu hufungwa vifurushi, hurushwa, kisha hufunguliwa masikioni. Kazi hiyo yaweza kula hata robo ya sekunde kwa hedifoni za bei ya chini. Sauti hewani yaenda kama mita 340 kwa sekunde. Ukicheleweshwa milisekunde 200, ni kama mpiga dumbaki amekaa mwanzo wa gati na wewe uko mita 70 mbele, ukijaribu kumfuata. Unaimba sawa kabisa na unachosikia, ila unachosikia kimeshapita.

Ya spika ni kesi nyingine. Hata bila Bluetooth simu haitoi sauti papo hapo. Kuna bafa (mahali sauti hungojea zamu yake) ya kutoa na bafa ya kuingiza, na programu hulazimika kukisia jumla yake ili irudishe traki yako mahali pake. Simu za Android ziko za kila aina, makisio hayalingani. Kwenye mipangilio ya BandLab kuna kipimo cha ucheleweshaji. Chomoa hedifoni, chumba kiwe kimya, simu itatoa milio na kujisikiliza yenyewe, kisha itajirekebisha. Fanya hilo kabla ya lolote.

Kama huiamini, pima kwa mkono. Rekodi makofi kwenye traki ya kwanza. Yacheze kwa spika huku traki ya pili ikirekodi. Panua picha ya sauti kwa vidole viwili mpaka kila kofi lionekane kama mwiba. Mwiba wa traki ya chini utauona umesogea kulia ya mwenzake. Nafasi iliyo baina yao ndiyo deni la simu yako. Isukume traki ya chini kushoto kiasi hicho hicho, na kila utakaporekodi tena kiasi ni kile.

#5 BiShela (Amu)
Mwanangu, kabla hujapima makofi jisikilize kwanza. Sisi tuimbao taarabu hatukai juu ya pigo. Mwimbaji huliacha pigo likatangulia, akalifuata kwa mapozi, na hapo ndipo watu huinuka kutunza. Ukiwa harusini, mpiga dumbaki anakusikia na wewe unamsikia, kila mmoja anamsogelea mwenziwe. Kwenye simu dumbaki limeshapigwa, haliwezi kukungoja. Umeimba vile ulivyozoea, basi. Simu mwaionea.

#6 FundiMitambo (Malindi)
Bi, kwa heshima: mapozi hayaonekani kwenye makofi. Ndiyo maana nikasema apime kwa makofi kwanza.

#7 BiShela (Amu)
Na mimi kwa heshima: hakuna aliyenialika harusini nikapige kofi moja moja.

#8 TariNaVumi (Malindi)
Mimi naona jambo jengine kabisa. BandLab ukiifungua tu imeshajiwekea hesabu ya nne nne. Chakacha haiendi hivyo, inatembea sita kwa nane. Kama uliwahi kuivuta traki kwa kidole, ilijirukia yenyewe ikajibandika kwenye mstari wa karibu wa gridi (ile mistari ya kupimia pigo), na ule mstari haujui chakacha ni nini. Zima ule mshiko wa gridi, kisha sogeza kwa sikio.

Na kasi pia, usiiache ile uliyoikuta. Metronomu nyingi za simu (programu za kuhesabu pigo) zina mahali pa kugonga kwa kidole: gonga ukisikiliza dumbaki mpaka namba itulie, ndiyo uiandike kwenye BandLab. Mimi hutumia Soundbrenner kwa kazi hiyo, ni ya bure.

#9 MwanaGede
Chaji ilikuwa ngapi? Nauliza kweli. Simu ikiingia hali ya kubana betri hupunguza nguvu ya prosesa, kila kitu kinajikokota. Na ukiwa na programu nyingine zimefunguliwa nyuma, ndiyo kabisa. Mimi huzima simu, naiwasha upya, naweka hali ya ndege, ndipo narekodi. Tatizo sijaliona tena.

#10 FundiMitambo (Malindi)
Prosesa ikizidiwa utasikia mikwaruzo na sauti kukatika, si kubaki nyuma kwa kiasi kile kile mwanzo mpaka mwisho. Lakini hali ya ndege naiunga mkono, kwa sababu ya mama zetu. Wimbo ukifika pazuri ndipo hupiga kuuliza kama umekula.

#11 CasuarinaBoy
Mnajitesa bure. Nunua iPhone, GarageBand iko bure, maneno kwisha. Android haijawahi kuweza muziki.

#12 KayambaMtangani (Malindi)
Amefika. "Nunua iPhone" ni ushauri wa mtu aliyeletewa iPhone na shemeji yake wa Milano.

#13 FundiMitambo (Malindi)
Hiyo ya #11 ilikuwa na ukweli zamani. GarageBand iko kwenye iPhone tangu 2011, na miaka ile Android ilikuwa nyuma sana kwa upande wa sauti. Android 8, ya 2017, ilileta njia mpya inayoitwa AAudio na mambo yakabadilika. Kilichobaki ni kwamba si kila mtengeneza simu, wala si kila programu, huitumia vizuri. Ndiyo maana mwenye simu ya bei atakwambia hana shida, na mwenye ya kawaida atalia, na wote wawili wasema kweli.

Kijana, ukipata pesa kidogo tazama Audio Evolution Mobile. Ni ya kulipia, lakini ina njia yake yenyewe ya kuzungumza na vifaa vya sauti vya USB, na ina mahali pa kuandika marekebisho ya ucheleweshaji kwa namba. FL Studio Mobile pia ni ya kulipia. Nzuri, ila mimi naiona ni ya wapiga biti zaidi kuliko mtu aliyekaa na udi mapajani.

#14 MzeeWaKanuni (Amu)
Nimengoja mmalize mambo ya bafa. Sasa nizungumze kuhusu ami wa huyu kijana, maana hapo kuna mtu amedhulumiwa.

Hizo programu za kulinganisha nyuzi zimegawa okteva sauti kumi na mbili, kila moja iko senti 100 kutoka kwa jirani yake (senti ni kipimo cha umbali baina ya sauti). Ami akipiga maqamu ya Bayati kuanzia Re, sauti ya pili si Mi wala si Mi bemoli (Mi iliyoshushwa). Iko katikati, karibu senti 50 huku na 50 kule. Na si katikati ya rula pia, kila mpigaji ana mahali pake alipofunzwa kuiweka. Mshale wa simu ukiisikia hauna pa kukaa, mara kushoto mara kulia, wekundu mtupu. Maqamu ya Rasti ni yayo kwa yayo kwenye sauti ya tatu. Simu haikumkosoa ami yako, simu imeulizwa jambo ambalo haikufundishwa.

Dawa: itumie kwa nyuzi wazi tu. Udi hauna vile vyuma vilivyopangwa kwenye shingo ya gitaa, sauti ya robo hutoka kidoleni, haitoki kwenye kigingi. Tafuta programu yenye hali ya kromatiki (sauti zote kumi na mbili) na inayoonyesha senti kwa namba, si ile inayokuchorea gitaa. Wengi wetu hufunga Do, Fa, La, Re, Sol, Do kutoka uzi mnene kwenda mwembamba. Ukishaweka hizo, tia simu mfukoni.

Kwa kanuni, ala yangu mimi, ni shughuli kubwa zaidi. Nyuzi sabini na zaidi, tatu tatu kwa kila sauti, na vile vijiti vya chuma vya kupandisha na kushusha. Hapo kromatiki inanisaidia asubuhi, kabla masikio hayajachoka. Kisha naendelea mwenyewe.

#15 BintiMatondoni
Maalim, na ile 440 wanayoandika juu ya programu ni lazima?

#16 MzeeWaKanuni (Amu)
Ni kipimo cha La ya kati, mitetemo 440 kwa sekunde, kilichokubaliwa kimataifa 1955. Si sheria. Kama kikundi chenu kina kinanda cha zamani ambacho hakikai hapo, kinanda hakitageuka kwa ajili ya simu. Piga La ya kinanda, soma namba, iandike mahali pa 440, wengine wote mfuate hiyo. Lakini mkienda kurekodi juu ya biti ya mtu mwengine, hapo ndipo mtarudi 440 mpende msipende.

#17 CasuarinaBoy
Zein l'Abdin alipiga udi bila programu yoyote na hatujapata wa kumfikia.

#18 KayambaMtangani (Malindi)
Zein wa Mombasa, si wa Lamu. Msichukue kila kitu.

#19 MzeeWaKanuni (Amu)
Kazaliwa hapa Amu 1939. Mombasa ilimpokea. Wewe baki na kayamba lako.

#20 KayambaMtangani (Malindi)
Nimenyamaza. Lakini kijana #1 analia boti ya Mokowe, na Siti binti Saad alivuka bahari mpaka Bombay kurekodi miaka ya thelathini.

#21 BiShela (Amu)
1928. Ukinyamaza, nyamaza kweli.

#22 BintiMatondoni
Mnasahau chumba. KijanaLangoni, kama wakaa nyumba ya mawe, unachosikia "nyuma" chaweza kuwa mwangwi. Zile kuta za chokaa na dari ya juu hurudisha kila silabi. Spika ikicheza dumbaki, maiki ya simu hulisikia dumbaki tena kutoka ukutani, na huo mwangwi waingia kwenye traki ya sauti. Ukicheza zote mbili una dumbaki mawili, moja limechelewa, sikio linakwambia wewe ndiwe uliyechelewa.

Nilirekodi vugo (ngoma ya wanawake ya kugonga pembe) la mama zangu ndani ya nyumba ya jamaa pale Mkomani. Zile pembe zikigongwa kwenye chumba kitupu hutajua pigo liko wapi. Tukahamia ghalani, tukasimamisha magodoro mawili kwenye pembe ya ukuta, mablanketi juu ya kamba, simu juu ya mto usawa wa kifua, si chini sakafuni. Tofauti ni ya mchana na usiku. Nilitumia programu ya Dolby On, ni ya bure, inapunguza uvumi wa feni yenyewe. Ubaya wake ni kwamba inajiamulia mengi: sehemu ya sauti ndogo huipandisha na sehemu ya nguvu huibana, kwa hivyo pembe zilikosa ule mshtuko wake. Kwa sauti ya mtu mmoja inafaa. Kwa udi, zima yale marembo yake yote uone.

Na kama ni wakati wa kusi, usirekodi barazani. Upepo ukigusa maiki hakuna programu itakayoutoa.

#23 TariNaVumi (Malindi)
Na punda? Mlimtia godoro?

#24 BintiMatondoni
Punda yumo ubeti wa tatu. Aliingia juu ya pigo, si kama wengine humu.

#25 MwanaGede
😂😂 Hiyo imekwenda Langoni moja kwa moja.

Nirudi kwenye vugo. Mimi nimekuwa nikirekodi wazee wa ngoma ya jadi ya mwanzele kwa simu, kumbukumbu za familia tu. Juzi kijana mmoja akaomba faili, akasema ataweka biti chini yake aipandishe mtandaoni. Nimesita. Wimbo si wangu, wala si wake. Kisheria ni wa nani?

#26 WakiliWaBarani (Malindi)
Kwa ufupi, maana hili lataka uzi wake. Kwa wimbo uliotungwa na mtu anayejulikana, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humpa mtunzi haki pale pale wimbo unapoandikwa au kurekodiwa, na hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Haingoji cheti. Kujisajili KECOBO (Bodi ya Hakimiliki ya Kenya) ni kwa ajili ya ushahidi, na husajiliwa mtandaoni. Kwa nyimbo za jamii kama mwanzele au vugo kuna sheria nyingine, ya 2016, ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Hiyo inaitambua jamii kuwa ndiyo mwenyewe, na inataka idhini yake kabla mtu hajaenda kuuza. Kijana wako asianze na biti, aanze na wazee.

#27 CasuarinaBoy
Wakili, na ule ujanja wa kujitumia wimbo kwa WhatsApp ili tarehe ibaki?

#28 WakiliWaBarani (Malindi)
Ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Lakini weka rasimu pia: karatasi uliyofutafuta, rekodi ya kwanza ya simu yenye makosa. Mwizi huwa na wimbo uliokamilika peke yake.

#29 TariNaVumi (Malindi)
Hapo umegusa kidonda. Kuna studio moja mjini, siitaji, niliacha vipande vyangu vyote. Nilipotaka mafaili nikaambiwa diski imeungua. Baadaye nikasikia dumbaki langu kwenye tangazo la duka. Tangu hapo kila traki naitoa mwenyewe kwa WAV (faili la sauti isiyobanwa) na kuiweka pahali pawili.

#30 KijanaLangoni (Amu)
Asanteni nyote, nimesoma yote. Kipimo cha Fundi nitafanya leo usiku, punda wakilala. Ami amesomewa #14 na amecheka, udi umerudi chumbani.

Swali la kando: kuna programu ya kumsaidia mtunzi wa Kiswahili kwa vina na mizani? Za Kiingereza ziko, RhymeZone na nyinginezo, lakini ukitia neno letu yakutazama tu.

#31 MwanaGede
Mpwa wangu alitengeneza fomula kwenye Google Sheets. Unaandika kipande, inahesabu irabu, inakwambia mizani ngapi. Kiswahili ni rahisi, kila silabi ina irabu moja.

#32 BiShela (Amu)
Muulize mpwa wako: "Mtu mwema hana deni" ni mizani mingapi?

#33 MwanaGede
Inasema saba.

#34 BiShela (Amu)
Hesabu kwa mdomo. M-tu mwe-ma ha-na de-ni. Nane, kipande kizima cha shairi la mizani kumi na sita. Ile M ya "mtu" ina mizani yake na haina irabu. Ukimpa fomula hiyo mwanafunzi, kila mshororo wenye mtoto, mlima au nchi ataurefusha bure, na mwimbaji ndiye atakayekwama.

#35 MwanaGede
Mpwa amejibu: ataongeza sharti, M ikifuatwa na konsonanti isiyokuwa B wala W ihesabiwe peke yake. Kwa hiyo "mbali" itabaki mbili, "mtoto" itakuwa tatu.

#36 MzeeWaKanuni (Amu)
Na "mbaya"? Nyumba mbaya, hiyo ni mba-ya, mizani miwili. Mtu mbaya, hiyo ni m-ba-ya, mitatu. Herufi ni zile zile. Mpwa ahesabu hiyo.

#37 MwanaGede
Mpwa amezima simu.

#38 KayambaMtangani (Malindi)
Mimi kwa vina natumia Google Keep tu. Kila kina kina karatasi yake: -ani, -eni, -iza, -uka. Neno likinijia matatuni nalitupa kwenye karatasi yake. Siku ya kutunga nafungua, nakuta mtaji. Hata bando halihitajiki, yafanya kazi bila mtandao.

#39 CasuarinaBoy
Wakati huo mimi nimeiandikia Suno, ile programu ya akili bandia, mistari miwili na imenipa wimbo mzima na mwimbaji wake.

#40 BiShela (Amu)
Tuwekee tusikie.

#41 CasuarinaBoy
...Matamshi bado. Inasema "ng'ombe" kama "ngombe".

#42 KayambaMtangani (Malindi)
Shemeji wa Milano naye husema hivyo hivyo.

#43 KijanaLangoni (Amu)
Nimerudi na majibu. Nimefanya kipimo cha BandLab, kisha makofi. Bila Bluetooth makofi sasa yamekaa juu ya makofi, miiba imelingana. Fundi, shukrani. Lakini nilipoimba wimbo wenyewe, nikitumia hedifoni za waya za jirani, ubeti wa kwanza niko sawa, wa pili niko nyuma kidogo, kwenye kiitikio natangulia mimi! Kama simu ndiyo yenye deni, mbona deni linabadilika?

Nilisahau jambo: dumbaki nilirekodi kwa simu ya mdogo wangu, akanitumia kwa WhatsApp.

#44 KayambaMtangani (Malindi)
Tangu #1 ulikuwa umeificha hiyo!

#45 TariNaVumi (Malindi)
Ndiyo hiyo basi. Simu mbili, saa mbili za ndani. Moja yarekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na nyengine 44,100, zinaachana polepole.

#46 FundiMitambo (Malindi)
Hapana. Zingeachana kama zingerekodi kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Yeye aliimba akilisikiliza dumbaki lile lile linalochezwa sasa. Hata likiwa limevutika, limevutika kwa wote wawili. Na kama programu ingesoma 44,100 kama 48,000, dumbaki lingepanda sauti na kukimbia, angelisikia wazi.

WhatsApp ni kosa jengine, la ubora. Akirekodi ndani ya WhatsApp kwa kubonyeza maiki, sauti hubanwa sana, mlio wa pembeni ya dumbaki, ule "tak", hupotea. Na ule "tak" ndio mwimbaji hushikia pigo. Mwambie arekodi kwa kinasa sauti kwa WAV, kisha akutumie kama waraka, si kama ujumbe wa sauti. WAV ya stereo yala karibu MB 10 kwa dakika, mono nusu yake. Wimbo wa dakika nane kwa mono ni kama MB 40, bando litalia kidogo lakini "tak" itafika.

#47 BiShela (Amu)
Ubeti wa kwanza sawa, wa pili nyuma, kiitikio mbele. Huyo ni mwimbaji anayepumua. Nilisema #5.

#48 TariNaVumi (Malindi)
Au ni mpigaji anayekimbia kwenye kiitikio na kuchoka kwenye ubeti. Bi, msimlaumu mwimbaji peke yake. Mdogo ana miaka mingapi?

#49 KijanaLangoni (Amu)
Kumi na mbili. Yuko hapa anasoma. Anasema yeye hakimbii.

#50 MzeeWaKanuni (Amu)
Mpeni mtoto metronomu ya taa, si ya mlio. Simu ikae mbele yake ikimulika. Ya mlio akiisikia ataikimbilia, na itaingia kwenye maiki. Lakini mimi nisingelitumia hata hiyo. Wakae wawili, wapige na kuimba pamoja mara moja, simu moja katikati, godoro nyuma kama alivyosema Binti. Udi uongezwe baadaye.

#51 FundiMitambo (Malindi)
Halafu ukitaka kupunguza dumbaki ubaki na sauti utafanyaje? Zimeshachanganyika.

#52 BintiMatondoni
Moises. Inatenga mwimbaji na ngoma hata kama wamerekodiwa pamoja. Nimeipa kaseti ya harusi ya miaka ya nyuma, ya mama. Ngoma ilizitenga vizuri. Fidla ndiyo iliyoishinda. Ilikuwa inamfuata mwimbaji kila aendapo, ikaiweka traki moja na sauti. Na kaseti yenyewe inacheza juu karibu nusu sauti kwa sababu ya mota ya redio, nikaishusha humo humo bila kubadilisha kasi. Mama amesema sasa ndiyo sauti yake ya usichanani.

#53 FundiMitambo (Malindi)
Itatenga, lakini kwa dumbaki na sauti ndani ya chumba chenye mwangwi utapata masalia. Bado nasema traki mbalimbali.

#54 MzeeWaKanuni (Amu)
Na mimi bado nasema pamoja.

#55 KijanaLangoni (Amu)
Nitajaribu zote mbili Ijumaa, ami akiwa nyumbani. Ila hedifoni za jirani amezichukua. Kuna mtu ana za waya, nzima, za kuuza?

#56 MwanaGede
Ninazo, zinafunika sikio lote, spanchi imechanika upande mmoja. Ulete mia tano. Simu yako ina tundu la mviringo au Type-C peke yake?

#57 KijanaLangoni (Amu)
Type-C peke yake. Mia tatu.

#58 MwanaGede
Mia nne, pamoja na kile kipande cha kugeuzia. Nampa dereva wa basi la kesho asubuhi, achukue mtu wako pale Mokowe.